Roho Atakumbusha Nini, Kama Hujasoma?

Masomo: Yohana 14:26; Matendo 17:10–12; 2 Timotheo 4:9–21



Juma hili sitawaandikia mistari. Nimeweka namba zake tu, hapo juu na ndani ya makala. Anayetaka kujua imesema nini achukue Biblia yake aifungue. Najua wengine mnasoma kijitabu hiki ndani ya matatu mkitoka ibadani, na najua pia kuna nakala ambazo kufikia Jumatano zimeshafungiwa mandazi, na simlaumu mtu. Mkifika nyumbani, basi. Nyumba zetu hazikosi Biblia, hata kama iko chini ya redio.

Jumatano ya juzi kwenye darasa la Biblia kijana mmoja alinyosha mkono. Ni kijana wa maombi, wa kukesha, si mtu wa mzaha. Akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza bila ubaya. Sisi ni watu wa Roho. Si Yesu mwenyewe alituahidi Roho wa kutufundisha? Sasa haya madaftari na kalamu ni ya nini? Si tunarudi kuwa kama wale wa dini tu?"

Wengine walicheka, lakini wengine walisema amina, na ile amina ilikuwa ya kweli. Mimi sikuliona kama swali la kitoto. Wengi wetu tulikuja huku tukikimbia mahali ambapo kila kitu kilisomwa kwenye karatasi, hata maombi, na moto ulikuwa umezimika zamani. Tumeona watu wenye vyeti vya theolojia ambao mtoto akiugua saa nane usiku hawajui waanze wapi kuomba. Kwa hiyo mtu wa Kipentekoste akisikia neno "kujifunza" anahisi baridi. Namwelewa.

Nilimjibu jibu fupi. Yohana 14:26 inataja kazi mbili za Roho, kufundisha na kukumbusha. Hiyo ya pili ina sharti ndani yake. Huwezi kukumbushwa jambo ambalo halijawahi kuingia masikioni mwako. Mke wako akikukumbusha unga, ni kwa sababu asubuhi alikutajia unga. Wale walioahidiwa kukumbushwa walikuwa watu waliotembea na Yesu mchana na usiku, wakamsikia akirudia mfano uleule mpaka wakauchoka, na wakirudi nyumbani wanamuuliza maana yake. Sasa wewe ambaye hujawahi kufungua Hosea, Roho akukumbushe nini cha Hosea?

Darasa likaridhika, tukaendelea. Lakini nilifika nyumbani sikulala vizuri, maana hilo ni jibu la darasani. Jibu lenyewe nilifundishwa na kosa langu, na sijawahi kuliandika hapa.

Nilikuwa na miaka 24, nikiongoza kikundi cha maombi cha nyumba kwa nyumba, katika ushirika mwingine kabla sijaja hapa. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mitumba Kibuye. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi na jioni alimeza vidonge. Siku moja baada ya maombi aliniuliza, "Mwanangu, hizi dawa niendelee nazo, ama nikiendelea ni kama sina imani?"

Sikumwambia ngoja nikasome. Sikumwambia ngoja nimuulize mzee wa kanisa. Nilijibu papo hapo, Biblia ikiwa mkononi. Nikamtajia 1 Petro 2:24, tena nusu yake ya mwisho tu, ile niliyoipata kwenye kanda ya mhubiri mmoja wa mikutano ya injili. Nikamwambia mtu aliyekwisha kuponywa hana haja ya dawa. Akaenda akavimwaga vidonge chooni, akarudi, tukaimba. Tuliimba sana siku hiyo.

Baada ya miezi minne alianguka sokoni. Alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Ile ya kuanguka alipona. Macho hayakupona. Lilianza jicho moja, miaka ikapita, likafuata la pili. Daktari alimweleza kwamba huenda sukari ilikuwa imeanza kuyaharibu macho hata kabla ya hiyo miezi minne. Nimeyashikilia hayo maneno ya daktari usiku mwingi, na hayanitoshi.

Nilipokwenda kumwomba msamaha hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, ile siku, ulikuwa umesoma wapi?" Hakuuliza kwa kunisuta, alitaka kujua ni mahali gani. Na mimi sikuwa na mahali. Nilikuwa na nusu mstari na sauti ya mtu mwingine kichwani.

Usiku huo nilisoma waraka wa kwanza wa Petro kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa tayari nimeshauhubiri mara nyingi. Ni sura tano. Hauchukui hata nusu saa. Pale kwenye sura ya pili Petro anazungumza na watumwa wanaopigwa bila kosa, anawaonyesha Kristo aliyezibeba dhambi ili tuachane nazo. Nikaendelea kwingine. Nikamkuta Paulo akimshauri Timotheo juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Nikamkuta Trofimo, ambaye Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), Paulo yuleyule ambaye leso zake ziliwaponya watu. Nikaona Isaya akiagiza tini ziwekwe kwenye jipu la Hezekia baada ya Mungu kukwisha kuahidi uponyaji (Isaya 38:21). Nikaona kwamba Luka ni tabibu (Wakolosai 4:14). Haya yote yalikuwa ndani ya kitabu kilekile nilichokuwa nimekishika mkononi siku ile nikizungumza. Kurasa chache tu kutoka pale kidole changu kilipokuwa.

Msinielewe vibaya. Bado naamini Mungu anaponya, nimeona, na nitaendelea kuwawekea wagonjwa mikono. Na mwenye dawa za sukari, za presha ama za virusi aendelee kuzimeza vile daktari alivyomwambia, huku tukiomba.

Swali linalonisumbua ni hili. Je, nilikuwa na hatia? Nia yangu ilikuwa safi. Nilimpenda yule mama, nilifunga siku tatu kwa ajili yake. Mtu akiamini uongo kwa moyo mweupe, akamuumiza mwenzake, tumwiteje? Siku hizi tunapenda kusema Mungu anaangalia moyo, na kweli anaangalia. Lakini soma Walawi 5:17. Sheria ya Musa ilimtaka mtu alete sadaka hata kwa kosa alilolifanya bila kujua. Paulo naye anasema alirehemiwa kwa kuwa alitenda kwa ujinga (1 Timotheo 1:13), na angalia neno alilolitumia: alirehemiwa. Mtu asiye na kosa hahitaji rehema.

Halafu kuna kutojua kwa aina mbili, na nadhani tunazichanganya. Kuna mtu ambaye hakuwa na namna ya kujua, kitabu hakijafika kwake, hakuna wa kumweleza. Na kuna mtu mwenye kitabu ambacho hajakifungua, kwa sababu ana haraka, ama kwa sababu kuzungumza ni kutamu kuliko kusoma, ama anaogopa kukuta kitu ambacho hakitaki. Wa pili anasema "sikujua" kama wa kwanza. Lakini yeye alichagua kutojua, kidogo kidogo, kila jioni. Mimi nilikuwa wa pili. Ndiyo maana siamini tena kwamba kusoma Neno kwa bidii ni kipawa cha walimu wachache wanaopenda vitabu. Ni nidhamu kama kufunga, na aliyeokoka anadaiwa, kwa sababu siku moja mtu atamuuliza swali sokoni na atategemea jibu lake.

Lugha yetu yenyewe inatushuhudia. Petro, Yohana, Mathayo na wenzao tunawaita nani? Wanafunzi wa Yesu. Ni neno lilelile la mtoto anayepita Migosi asubuhi na sare na mkoba mgongoni. Ukisoma Injili kwa Dholuo ni hivyohivyo, jopuonjre, watu wa kujifunza. Na Kigiriki chenyewe, mathetes, maana yake ni anayejifunza. Kwa hiyo mtu akisema "mimi ni mwanafunzi wa Yesu lakini mambo ya kujifunza siyawezi", hebu jisikilize, ndugu yangu.

Tena sisi wa pande hizi za ziwa tusiseme hayo ni mambo ya wageni. Wakristo wa kwanza kuzunguka ziwa hili hawakuitwa Wakristo kwanza. Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Huku kwetu, josomo. Jirani akitaka kusema fulani ameamini, alisema fulani anasoma. Mpaka leo kwa Kiganda kwenda kusoma ni pia kwenda kuabudu. Wale vijana waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa wasomaji katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Kusoma hakukuwa starehe ya watu wenye nafasi. Kulikuwa ndiko kuamini, na kuliweza kukugharimu maisha.

Sasa yule kijana wa Jumatano angeniambia, hao ni wa misheni, hawakuwa na moto. Ngoja nimsimulie habari ya Pilkington, maana ni ya ziwa letu hili hili. George Pilkington alikuwa msomi wa Cambridge aliyetumwa Uganda na CMS, mtu wa lugha, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri Biblia kwa Kiganda pamoja na Muganda mmoja hodari, Henry Wright Duta. Alikuwa anatafsiri, anafundisha, na ndani anajiona mkavu. Mwezi wa Disemba 1893 alikwenda peke yake kisiwa cha Kome, ndani ya Ziwa Victoria, na huko akaomba mpaka akajazwa Roho Mtakatifu. Aliporudi Mengo alikiri mbele ya watu ukavu wake, na uamsho ukaanza, mikutano asubuhi baada ya asubuhi, watu wakitubu waziwazi.

Sasa swali langu kwa kijana wetu. Mtu huyu alipojazwa Roho, aliitupa kalamu? Hakuitupa. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, miaka mitatu hivi baada ya Kome, na yeye aliuawa mwishoni mwa 1897. Uamsho ule haukuwafanya watu waache vitabu, uliwafanya wavitake zaidi, na wahubiri wa Kiganda wakatoka kwenda visiwani na mashambani, wakahubiri na kufundisha watu kusoma. Lilichapishwa hata toleo moja la Biblia nene na jembamba, linaloweza kuingia ndani ya mkebe wa biskuti, ili mchwa wasile Neno. Mimi nikifikiria mkebe ule naona aibu kidogo juu ya Biblia yangu iliyokaa miaka chini ya redio, mahali ambapo hata mchwa hawana haja nayo.

Na hapa karibu na Kisumu, Nyang'ori, misheni ambayo tangu 1924 ilikuwa chini ya Wapentekoste wa Canada, moto na shule vilikaa uwanja mmoja. Wazee wetu hawakuona ugomvi. Sijui sisi tuliutoa wapi.

Turudi Beroya, Matendo 17:10–12. Mkishaifungua, tazameni neno la kuchunguza katika mstari wa 11. Luka alitumia neno la Kigiriki, anakrino, ambalo kwingine analitumia kwa mambo ya mahakamani. Ndilo la Pilato akisema amemhoji Yesu (Luka 23:14). Ndilo la Petro akihojiwa mbele ya baraza (Matendo 4:9). Ndilo la Herode akiwahoji walinzi baada ya Petro kutoka gerezani (Matendo 12:19). Kwa hiyo watu wa Beroya hawakupitisha macho juu ya maandiko. Walikaa nayo kama hakimu anavyokaa na shahidi, wakiuliza, je, ni kweli, ilisemwa wapi, ilisemwa kwa nani. Tena hawakuwa wanamchunguza mwalimu wa uongo. Walikuwa wanamchunguza Paulo! Mtume, aliyemwona Bwana. Na Luka anawasifu kwa hilo. Tena mstari wa 12 unasema wengi wao wakaamini. Kuchunguza hakukuwazuia kuamini.

Nimeongea na mchungaji wetu kabla ya kuandika haya, asije akadhani ni mapinduzi. Alicheka, akasema niandike: mkinihubiria mimi amina bila kufungua, mnaniweka pahali pabaya. Mhubiri ambaye hakaguliwi na mtu ni kama dereva wa usiku ambaye abiria wote wamelala. Anaweza kuwa dereva mzuri. Lakini akisinzia, nani ataona?

Sote tunakumbuka Aprili 2023. Shakahola, kule Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu, na wengi walikuwa watoto. Watu walifundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Siandiki kuwahukumu waliokufa, na mtoto wa miaka mitano hawezi kulaumiwa kwa kutofungua kitabu. Tena tusijidanganye kwamba ni watu wasiokwenda shule. Walikuwamo watu wenye elimu na kazi nzuri, ambao walijua kusoma mkataba wa kununua shamba. Lakini katika jambo la roho zao na za watoto wao walimkabidhi mtu mwingine kazi yote ya kusoma. Mimi siwezi kuwanyoshea kidole. Yule mama wa Kibuye alinikabidhi mimi kazi hiyo, na mimi nilikuwa nimeikabidhi kanda.

Kwa hiyo naposema kujifunza, sisemi vyeti. Petro na Yohana walionekana mbele ya baraza kuwa watu wasio na elimu (Matendo 4:13), lakini hebu soma hotuba ya Petro siku ya Pentekoste, Matendo 2. Roho ameshuka dakika chache zilizopita, watu wanadhani wamelewa, na huyu mvuvi anasimama anafafanua Yoeli, halafu Zaburi ya 16, halafu Zaburi ya 110, anazipanga na kuzieleza. Alizitoa wapi? Hakuzipata saa tatu asubuhi hiyo. Zilikuwa ndani, moto ulikuta kuni.

Na kuna watu wenye kuni nyingi bila moto, nao Yesu aliwaambia wazi, Yohana 5:39–40. Walichunguza maandiko na hawakutaka kwenda kwake. Ujuzi unaweza kumvimbisha mtu, 1 Wakorintho 8:1, na mimi nimewahi kuvimba. Baada ya mambo ya yule mama nilisoma kwa hasira mwaka mzima, nikawa mtu wa kusahihisha wengine katikati ya maombi. Mke wangu aliniambia siku moja, "Baba, umekuwa kama askari wa trafiki." Kusoma ili kuwashinda watu si kusoma mbele za Mungu. Namna ninayoijua ya kupima ni hii: ukimaliza sura, ni nani aliyehojiwa, ni wewe ama ni jirani yako?

Mtasema, mwalimu, wakati uko wapi? Mtu anatoka Migosi alfajiri, anarudi saa mbili usiku, watoto wanataka chakula, stima imepotea. Najua. Sina la kuwaambia isipokuwa yale ninayoyaona. Kuna ndugu wetu wa bodaboda ambaye amebeba Injili ya Marko pekee, ile ndogo ya kugawa, kwenye mfuko wa koti. Akiwa steji anangoja abiria anasoma kipande kimoja, kilekile, siku nzima. Alikaa miezi saba kwenye Marko. Nilimuuliza kama hachoki, akasema, "Mwalimu, mwezi wa kwanza nilichoka. Mwezi wa tatu nikaanza kuona." Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba Yesu alipotaja amri ya kwanza katika Marko 12:30 kuna neno akili, na ukirudi Kumbukumbu la Torati 6:5 hulikuti limeandikwa hivyo. Kumpenda Mungu kwa akili. Nilikuwa nimeusoma huo mstari mara mia na sikuwahi kulinganisha.

Kitabu kimoja, basi, kwa muda mrefu, kuliko mistari ya hapa na pale inayoingia kwenye WhatsApp asubuhi. Soma yaliyotangulia na yanayofuata. Andika maswali, hata yale unayoona haya kuyauliza. Sisi hapa tuna baraka ambayo watu wengi hawana, nyumba moja ina Biblia ya Kiswahili, ya Dholuo na ya Kiingereza, na mahali ambapo zinatofautiana ndipo pa kusimama na kuuliza. Tena soma kwa sauti. Zaburi 1:2 inasema juu ya kutafakari, na tunafikiri ni kukaa kimya na kufumba macho. Neno la Kiebrania pale ni hagah, na ni hilohilo Isaya 31:4 analolitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Simba akishika nyama haonji na kuondoka. Analala nayo, anaguguna, ananguruma, na mchungaji akipiga kelele hashtuki.

Na asiyejua kusoma? Swali hili huulizwa kwa sauti ndogo, na naomba tusiwaaibishe watu. Katika Nehemia 8 watu wengi walisimama tangu alfajiri hadi adhuhuri wakisomewa, na Walawi wakapita kati yao wakieleza maana. Yule towashi wa Kushi, Matendo 8, alikuwa na kitabu na macho mazima, na bado alihitaji mtu wa kupanda garini akae naye. Kusikia kwa makini na kuuliza ni kujifunza. Mwenye kuhitaji msomaji aseme na mmoja wa walimu wa Jumatano baada ya ibada, tutapanga.

Mimi mwenyewe ni msomaji wa mtu. Yule mama sasa anakaa na mwanawe, si mbali na hapa, na kila Jumamosi jioni mjukuu wake ama mimi tunamsomea. Sijawahi kukutana na mwanafunzi mkali kama yeye. Haniachi niruke mstari. Nikisema "hapa Paulo anamaanisha", ananiuliza, "Amesema hivyo, ama ni wewe?"

Jumamosi iliyopita tulikuwa 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni, anajua muda wake umekwisha, amesema hivyo mstari wa 6. Na katika hali hiyo anamwandikia Timotheo amletee vitu viwili kutoka Troa, kwa Karpo: joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu anayengoja kuuawa, aliyewahi kuchukuliwa mpaka mbingu ya tatu, anataka vitabu vyake. Mama alinisimamisha hapo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama Timotheo alifika. Nikamwambia tunaona tu kwamba Paulo alimsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi, mstari wa 21, na barua inaishia hapo.

"Kwa hiyo hatujui kama alivipata?"

"Hatujui, mama."

"Haya," akasema. "Anza tena sura ya kwanza, polepole. Huenda tumepita kitu."